Mwandishi wa Diwani ya Jeshi na Uzito wa Amana Yake

Historia ya futuhati za mwanzo husimuliwa zaidi kwa majina ya majemadari: Khalid bin al-Walid, Saad bin Abi Waqqas, Amr bin al-As (r.a.). Ni wachache wanaouliza: nani aliyeandika majina ya wapiganaji, na nani aliyehakikisha kila mmoja anapata haki yake? Mtu huyo ni mwandishi wa diwani ya jeshi, ambaye kwa lugha ya leo tungemwita ofisa mwandamizi wa utawala katika wizara ya ulinzi.

Aliyeanzisha diwani ni Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala mwaka 13 hadi 23 Hijria (634–644). Imepokewa kwamba Abu Hurayra (r.a.) alirudi kutoka Bahrain na dirham 500,000. Umar akastaajabu kwa wingi wa mali ile, akawataka watu ushauri, akashauriwa aweke daftari. Kazi akawapa Makureshi watatu waliobobea katika elimu ya nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im.

Waandishi hao wakaanza na Banu Hashim, wakafuatisha jamaa wa Abu Bakr, kisha jamaa wa Umar, kwa mpango wa ukhalifa. Umar akaukataa mpango huo. Akaamuru watu wapangwe kwa ukaribu wao na Mtume (s.a.w.), na yeye awekwe pale Mwenyezi Mungu alipomweka. Aidha, Muhajirina wa mwanzo aliwapangia 4,000, lakini mwanawe Abdullah akampa 3,500, kwa hoja kwamba yeye alihama pamoja na wazazi wake.

Baadaye wanavyuoni waliiwekea kazi hii hukumu. Imam al-Mawardi, kadhi na mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameieleza katika kitabu chake al-Ahkam al-Sultaniyya. Mwandishi wa diwani ameshurutishwa mambo mawili: uadilifu na uwezo wa kazi. Miongoni mwa majukumu yake ni kuhifadhi kanuni, kuwahesabu watendaji na kupitia malalamiko ya waliodhulumiwa. Askari huandikwa pamoja na sifa za umbile lake, ili asichanganywe na mwenye jina kama lake. Ataa yake hukadiriwa kwa mambo matatu: idadi ya anaowalisha, farasi na wanyama anaowatunza, na hali ya bei katika mji anaoishi.

Wakati wa kulipa nao ni lazima ujulikane. Ukicheleweshwa hali ya kuwa mali ipo katika Baytul Mal, askari ana haki ya kudai kama anavyodaiwa deni lililofika muda wake. Akifa, haki aliyokwisha kuistahiki huwa ni ya warithi wake.

Hapa ndipo ilipo hatari ya cheo hiki. Jemadari akikosea, jeshi zima huona. Mwandishi akiacha jina la maiti daftarini ili ale ataa yake, au akifuta jina la mwenye haki, huenda asijue yeyote ila Mola wake na yatima waliolala njaa. Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba aliyepewa kazi ya umma akaficha hata sindano, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Basi vipi kwa aliyeficha mshahara wa askari?

Wallahu aalam.