Vitabu vya mwanzo vya .NET na wasomaji wake ughaibuni

Mwezi Juni mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza jukwaa jipya la kutengenezea programu za kompyuta, lililopewa jina la .NET. Toleo lake kamili la kwanza lilitoka Februari 2002. Baina ya tarehe hizo mbili vitabu vya kulifundisha vilikuwa vimeshapangwa madukani, na walionunua walikuwa wakijifunza kitu ambacho wenyewe waliokiunda walikuwa hawajakimaliza.

Habari hiyo inawagusa Waafrika Mashariki kwa njia isiyoonekana upesi. Miaka hiyohiyo, miji ya Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika Ohio na Buffalo katika New York ilikuwa ikipokea wahamiaji na wakimbizi kutoka eneo hilo. Columbus ikawa ya pili nchini Marekani, baada ya Minneapolis, kwa wingi wa Wasomali. Kuanzia mwaka 2003 waliwasili Wabantu wa Somalia waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, na baadaye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili.

Msomi aliyefika huko na shahada ya nyumbani mara nyingi aliambiwa kuwa hana uzoefu wa Marekani, akaishia ghalani kupakia mizigo. Lakini katika .NET, mwaka 2002, ni nani nje ya Microsoft aliyekuwa na uzoefu wa miaka kumi? Hakuwapo. Mzaliwa wa Ohio na mgeni kutoka Mombasa walifungua ukurasa wa kwanza siku moja.

Kitabu chatangulia programu

Tatizo lilikuwa kitabu chenyewe. Eric Gunnerson, mmoja wa waliokuwa wakiitengeneza C#, lugha mpya ya jukwaa hilo, alichapisha utangulizi wake mwaka 2000. Kampuni ya Wrox, maarufu kwa majalada mekundu yenye picha za waandishi, nayo ilitoa vitabu vilivyotegemea toleo la majaribio.

Toleo la pili la majaribio lilipotoka mwaka 2001, majina mengi yalikuwa yamebadilika. Sehemu ya kuchora madirisha ya programu, iliyoitwa System.WinForms, sasa iliitwa System.Windows.Forms. System.Data.SQL ikawa System.Data.SqlClient. Mwanafunzi aliyenakili mfano wa kitabu herufi kwa herufi alijibiwa na kompyuta kwamba jina hilo halijulikani. Mwenye mwalimu au mwenzake kazini aliuliza na kuendelea. Aliyesoma peke yake baada ya zamu ya usiku alijilaumu mwenyewe, akidhani ni Kiingereza chake au akili yake, kumbe kosa lilikuwa la mchapishaji aliyeharakia soko.

Gharama nayo haikuwa ndogo, kwani kitabu kimoja kwa kawaida kiliuzwa dola 40 hadi 60. Afueni ni kwamba Microsoft ilitoa bure zana za msingi, pamoja na programu inayogeuza maandishi ya C# kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Mtu aliweza kujifunza kwa kutumia Notepad tu, mradi avumilie saa kadhaa za kupakua zaidi ya megabaiti 100 kwa laini ya simu.

Kiswahili hakikusahauliwa kabisa. Katika orodha ya lugha na nchi zilizotambuliwa na jukwaa hilo tangu awali ilikuwamo alama ya sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Tanzania haikuwamo, jambo ambalo msomaji wa Unguja ana haki ya kulinung'unikia.

Maktaba za umma

Asiye na dola 50 alikuwa na maktaba. Maktaba ya umma ya Buffalo na wilaya ya Erie, ambayo huhifadhi mswada wa mkono wa riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn, huazima vitabu bila malipo kwa mkazi yeyote mwenye kadi, kama zifanyavyo za Columbus na Louisville. Kitabu kisichokuwapo huweza kuagizwa kutoka maktaba nyingine. Shughuli hiyo hutegemea sana orodha ya pamoja ya shirika la OCLC, lililoanzishwa Columbus mwaka 1967 na ambalo makao yake yako Dublin, nje kidogo ya mji huo.

Louisville, kituo kikuu cha ndege za mizigo za UPS, ilikuwa na njia nyingine. Tangu mwaka 1998, chini ya mpango wa Metropolitan College, wanaopanga vifurushi usiku hulipiwa karo ya vyuo vya huko. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa Code Louisville, ambapo mwenye kadi ya maktaba alipata masomo ya kutengeneza programu kwa njia ya intaneti bila malipo, pamoja na mshauri wa kumwongoza. Rais Barack Obama aliusifu alipoutembelea mji huo Aprili 2015. Mshauri huyo, zaidi ya masomo yenyewe, ndiye aliyekosekana mwaka 2001.

Kilichodumu

Kampuni mama ya Wrox ilifilisika mwaka 2003, na vitabu vyake vikagawanywa baina ya wachapishaji Wiley na Apress. Vilivyofundisha mahali pa kubofya vilikufa haraka. Kitabu cha Jeffrey Richter cha mwaka 2002, kilichoeleza namna jukwaa linavyofanya kazi kwa ndani, jinsi linavyogawa kumbukumbu ya kompyuta na kuizoa isipotumika tena, kiliendelea kwa jina jipya hadi toleo la nne la mwaka 2012.

Mwaka 2016 Microsoft ilitoa .NET Core, jukwaa lililoandikwa upya na linaloendeshwa pia kwenye Linux. Web Forms, mtindo wa kutengeneza kurasa za intaneti uliojaza sura nyingi za vitabu vya mwanzo, uliachwa nje. Ugawaji na uzoaji wa kumbukumbu ulibaki, na aliyeuelewa mwaka 2002 hakuhitaji kuanza upya.