Tairi za Kuazima: Vile Kenya Imekuwa Ikikagua Magari

Wasee, kabla niingie kwa historia, acha nitoe ushahidi wangu kwanza.

Mwaka niliachana na chuo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya ukonda. Gari lilikuwa lile la kubeba watu 14, na tairi zake zote nne zilikuwa kipara. Siku moja kabla ya ukaguzi wa kila mwaka, mwenye gari akatutuma kwa rafiki yake mwenye mathree nyingine. Tukafungua tairi nne nzuri za hiyo mathree, tukafunga kwa yetu. Tukaazima pia kizima-moto, na kile kisanduku cha huduma ya kwanza chenye bandeji ambazo hakuna mtu amewahi kufungua. Asubuhi tukapanga foleni, na saa nane mchana gari likapita. Kufikia saa kumi na mbili jioni tairi zilikuwa zimerudi kwa mwenyewe.

Kesho yake alfajiri nilisimama mlangoni nikiita abiria waingie. Stika mpya inang'aa kwa kioo, na chini ni kipara kilekile. Kuna mama aliingia na mtoto wa sare ya nasari, nikamwambia akae mbele kuna nafasi. Sikusema kitu. Nilikuwa nahitaji hizo pesa za siku.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nani alitunga mtihani ambao unaweza kuufanya na viatu vya mtu mwingine. Nikaanza kusoma. Na enyewe, stori ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Sheria yetu ya Trafiki, ile Sura ya 403, ilianza kutumika Januari 1954, wakati wa mkoloni, tena katikati ya hali ya hatari. Hapo Nairobi gari la abiria lililotambuliwa lilikuwa basi la kampuni yenye leseni. Waafrika wengi walikaa mbali na njia za hayo mabasi, kwa hivyo watu wakaanza kubebana na magari makuukuu, yale ambayo mwenyewe alikuwa amekata tamaa nayo. Nauli ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi, na hapo ndipo wengi wanasema jina matatu lilitoka. Kwa serikali, matatu ya wakati huo ilikuwa ya magendo. Haikukaguliwa kwa sababu haikutakiwa iwepo. Ukishikwa unashikwa kwa kubeba watu bila leseni. Breki zako zikoje, hiyo si shida ya mtu.

Halafu 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba matatu zibebe abiria wa kulipa bila kutafuta ile leseni maalum ya usafiri. Wazee wakisimulia hii wanaisimulia kama uhuru wa pili, na nawaelewa. Mtu mwenye gari moja bovu angeweza kulisha familia. Lakini soma ile amri vizuri. Ilisema bado ufuate sheria za trafiki na uwe na bima. Kwa karatasi, mlango ulifunguliwa kwa masharti. Kwa barabara, watu waliona mlango tu. Leseni ndiyo ingekuwa kamba ya kuvutia gari likaguliwe, na hiyo kamba ndiyo ilikatwa.

Ilichukua miaka 11 kuifunga tena. Mwaka 1984, Bunge likabadilisha Sheria ya Trafiki na matatu ikatambuliwa rasmi kama gari la abiria, na leseni na ukaguzi vikaja pamoja na hiyo heshima. Sasa jiweke kwa nafasi ya mwenye matatu wa 1984. Kwa miaka 11 umefanya kazi vile unajua, kisha unaambiwa lete gari liangaliwe. Ukaguzi haukuja kama kitu cha kumsaidia dere ajue gari lake lina shida gani. Ulikuja kama njia ya serikali kumrudisha mtu kwa laini. Nadhani hiyo ndiyo sababu mpaka leo sisi wa stejini tunauona ukaguzi kama siku ya kuponyoka.

Sasa tufike kwa Michuki, kwa sababu najua ndiye mlikuwa mnangoja.

John Michuki alikuwa waziri wa uchukuzi kwa serikali mpya ya Kibaki. Oktoba 2003 kanuni zake zikachapishwa, na Februari 1, 2004 zikaanza kufanya kazi. Nissan iliyokuwa inabeba 18 ikawa ya 14. Kila kiti mkanda. Spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Mstari wa njano ubavuni, dere na konda wavae sare na beji, na picha ya dere ibandikwe ndani. Matatu zikatoweka barabarani, watu wakatembea. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na kitu. Mama ananiambia alinibeba mgongoni kutoka Kawangware mpaka mjini, na kitu anakumbuka zaidi ni ukimya: barabara nzima imejaa watu wa miguu na hakuna honi hata moja.

Kisha gari zikarudi, na mama anasema alipanda akakaa. Kukaa tu, bila kiuno cha mtu kwa uso wake. Kwa hivyo msinipate vibaya. Sijawahi kukutana na mtu mzima anayekumbuka mwezi huo na kusema yule mzee alikosea. Mimi pia sitasema.

Ila angalia hiyo orodha tena. Sare, beji, picha, mstari wa njano, idadi ya watu, mikanda. Karibu vyote ni vitu karao anaweza kuona akiwa amesimama kando ya barabara na mikono nyuma. Breki huwezi kuona kutoka hapo. Spidi gavana peke yake ndiyo iliingia ndani ya mashine, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchezewa. Gari letu lilikuwa na swichi ndogo chini ya dashibodi. Dere aliiita "kanisa", kwa sababu ilikuwa inawashwa siku za kutubu tu.

Baada ya hapo historia yetu inakuwa ya kuzunguka. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya kuunda NTSA, na ukaguzi ukatoka kwa polisi ukaenda huko. Agosti 2013, basi likaanguka Ntulele kule Narok, zaidi ya watu 40 wakafa. Kufikia mwisho wa mwaka, mabasi yakawekewa marufuku ya kusafiri usiku. Marufuku ikalegezwa, wenye kibali maalum wakaruhusiwa. Desemba 31, 2017, basi na lori zikagongana Migaa, watu 36. Marufuku ya usiku tena, na nayo haikudumu mwaka. Oktoba 10, 2018, basi likatoka barabarani Fort Ternan alfajiri, zaidi ya watu 50 wakafa, na wakubwa wakasema halikuwa na kibali cha kutembea usiku. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 12, serikali ikatangaza kwamba kanuni za Michuki zimerudi. Watu wakatembea tena kama 2004.

Nataka ukae hapo kidogo kwa "zimerudi". Hazikuwa zimefutwa. Ni kanuni zilizokuwepo miaka yote hiyo, na zilitangazwa kama mgeni. Na kilichoangaliwa barabarani wiki hiyo kilikuwa nini? Sare, mikanda, mstari wa njano.

Hata michoro ina stori yake. Kwa kanuni za Michuki, rangi na mapambo ya mathree yalizimwa. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, hiyo ni sanaa na ni kazi. Yaani baba aliachilia magari 1973, mtoto akaachilia rangi miaka 41 baadaye, wote wawili kwa tamko la mdomo. Miaka minne mbele, chini ya huyohuyo mtoto, wenye nganya wakaanza tena kuhesabu kama rangi yao ni halali wiki hii. Mimi napenda nganya, si siri. Lakini msee anaweza kulala macho kwa sababu ya mchoro na asilale macho hata dakika moja kwa sababu ya tairi. Na ni vile amejifunza kutoka kwa sheria ni gani itamsimamisha.

Sasa wewe mwenye Vitz, au yule wa uba, au wewe unayengoja kununua ndai yako ya kwanza, usicheke. Zamu yako imefika.

Sheria ya Trafiki inasema gari lililopita miaka 4 tangu litengenezwe linafaa kukaguliwa. Haisemi matatu peke yake. Upande mwingine, kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 kinaruhusu gari la mitumba kuingia nchini likiwa halijapita miaka 8, na hiyo miaka inahesabiwa tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Kwa hivyo gari moja lina siku mbili za kuzaliwa. Bandarini Mombasa linahesabiwa tangu siku lilipopewa namba Japani, na kwa ukaguzi linahesabiwa tangu lilipotoka kiwandani. Gari la miaka saba linaingia kihalali likiwa tayari limepita umri wa kukaguliwa kwa miaka mitatu.

Na huko Japani lilikuwa linakaguliwa. Wanaita shaken: gari jipya la kawaida baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na si bei rahisi. Linaangaliwa tena kabla ya kupakiwa melini kuja huku. Kisha likifika Nairobi, likishapewa namba ya Kenya, linaweza kukaa na mwenyewe miaka kumi bila mtu yeyote rasmi kuinama kuangalia chini yake. Unajua watu wangapi wenye gari la kibinafsi waliowahi kulipeleka likakaguliwe kwa hiari? Mimi sijui hata mmoja. Na konda wa mathree, na dhambi zake zote, angalau ana siku moja kwa mwaka ambayo lazima aazime tairi nzuri.

Mwaka 2025 rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi ilitolewa, na ndani yake magari ya kibinafsi yaliyopita miaka 4 yamewekwa waziwazi. Mliona kelele. Wengi walisema ni njia nyingine ya kutoa watu pesa, na kwa historia hii nimewapa, siwezi kuwaambia hawana sababu ya kushuku. Kama ukaguzi utakuwa foleni, malipo na stika, basi tutaazima tairi sote, wenye mathree na wenye Vitz.

Lakini kuna beshte yangu alikuwa analalamika kuliko wote. Gari lake ni la 2012, la pili kwake, lilikuwa na mtu mwingine hapa Nairobi kabla yake. Nikamwambia aachane na serikali, alipeleke tu kwa fundi wake Kirinyaga Road, amwambie aangalie breki kama vile ni la mtu mwingine. Akaenda kunionyesha kwamba gari liko sawa. Jioni akanitumia picha bila maneno. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha kabisa, zimebaki chuma kwa chuma. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amempeleka dadake mdogo shule.