Tezi ya Thairoidi: Usiache Dawa kwa Sababu ya Mfungo

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoupa mwili kasi yake. Zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi hata katika joto la Mombasa la Februari, hunenepa na kukosa choo. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mtu hukonda ilhali anakula vizuri. Hapo ndipo wengi wetu husema ni jini. Kipimo cha damu cha TSH hukata ubishi huo mapema.

Upungufu hutibiwa kwa levothairoksini, kidonge cha kila siku, aghalabu maisha yote. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu viachane nacho kwa saa 4.

Ramadhani ndipo watu huteleza: hukiacha mwezi mzima, Idi ikawakuta wamevimba uso na hawana nguvu. Hakuna haja. Chaweza kumezwa wakati wa kulala, saa 3 baada ya kula, ama nusu saa kabla ya daku. Zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Homoni zikizidi, kuna kabimazoli, iodini ya mionzi au upasuaji. Anayetumia kabimazoli akipata homa na kuumwa koo, aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu. Na mjamzito mwenye upungufu asingoje kliniki ya mwezi ujao. Mara nyingi dozi yake huhitaji kuongezwa mapema.