Kutoka Mama Ntilie hadi Mama Lishe: Historia ya Jina na Biashara Jijini Dar es Salaam

Majina mengi ya biashara hutoka kwa muuzaji mwenyewe au kwa mtoza ushuru. Mama ntilie ni jina lililotoka kwa mwenye njaa.

Kimofolojia, ntilie ni nitilie: kiambishi cha yambwa ni-, mzizi -ti- wa kitenzi tia, kiambishi -li- cha kauli ya kutendea, na kiishio -e cha dhamira tegemezi. Irabu ya ni- imedondoshwa na n ikabaki kuwa silabi, kama isikikavyo katika ntakwenda. Kilichohifadhiwa humo ni sauti ya kibarua wa bandarini au wa ujenzi anayesogeza sahani yake. Hataji chakula, kwa kuwa sufuria ni mbili tatu tu na mpishi anamfahamu. Mara nyingine hataji hata bei, maana atalipa siku ya mshahara.

Biashara hii ilipanuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani na wanawake wengi wa mjini wakalazimika kutafuta kipato chao wenyewe. Dola haikuitazama kwa jicho jema. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa, mwanamke aliyewalisha wajenzi wa mji aliweza kuhesabiwa mzururaji.

Mama lishe ni jina la baadaye. Lishe ni neno la kliniki na ofisi. Tangu mwaka 1973 nchi ina Taasisi ya Chakula na Lishe. Wanaolipendelea hudai kuwa ntilie linadhalilisha, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani wamo wapishi wanaolichukia. Hata hivyo, palipokuwa na kitenzi sasa pana nomino, na mteja ametoweka ndani ya jina.

Staha hiyo haikuwapatia mahali. Kuanzia Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 wachuuzi wa kandokando ya barabara waliondolewa, wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Muuza nguo huweza kufuatwa huko. Muuza wali hana budi kuwa karibu na watu wenye mapumziko ya nusu saa.