Unga ulipogeuka mweupe

Kabla ya bomba, yaani sindano, kulikuwa na kokteli. Heroini ilipoanza kuzoeleka Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ilikuwa unga wa rangi ya udongo, wenyewe wakiuita brown sugar. Watu waliuvuta. Kete, yaani kipakiti cha unga, ilinyunyizwa ndani ya msokoto wa bangi ikawa kokteli, au iliwekwa juu ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikapashwa moto na moshi wake ukafuatwa kwa mrija. Unga huo uliharibu ndoa na kumaliza vyombo vya ndani, lakini haukugusa damu, kwa sababu haukuyeyuka kirahisi kwenye maji.

Kisha ukapotea. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg, aliyekaa na watumiaji wa Malindi na Watamu, aliandika kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 brown sugar iliadimika na nafasi yake ikachukuliwa na unga mweupe ulioitwa white crest. Huu uliyeyuka kwenye maji bila shida. Aliyekuwa akivuta kete kadhaa kwa siku aligundua kwamba akijidunga, kete moja inamfikisha alikotaka kwenda. Kwa mtu asiye na kitu mfukoni, hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Katika miaka michache bomba likawa la kawaida kwenye maskani za pwani nzima.

Wakati huo hatari ya sindano ilikuwa imeshaandikwa mahali pengine. Mjini Edinburgh, Uskoti, polisi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakinyang'anya sindano na upatikanaji wake ukabanwa, hivyo watu wengi wakachangia chache zilizobaki. Daktari Roy Robertson na wenzake walipopima damu ya watumiaji heroini 164, majibu yao ya mwaka 1986 yalionyesha 83 wana VVU. Ni nusu nzima. Amsterdam, watumiaji wenyewe walikuwa wameshaanza kubadilishana sindano kuukuu kwa mpya tangu 1984, wakiogopa homa ya ini aina B. Somo lilikuwa mezani zaidi ya miaka kumi kabla ya white crest kufika Malindi. Kwetu kukutwa na bomba mfukoni kulitosha kukufikisha kituo cha polisi, na sisi wa magazetini tuliandika "mateja" kwa herufi kubwa tukaona kazi imekwisha.

Kilichotokea Dar es Salaam hakijawahi kunitoka akilini. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika barua katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kueleza walichosimuliwa na wanawake waliokuwa wakijidunga jijini, wengi wao wakiishi kwa kuuza miili. Mwenye kete alijidunga kwanza, kisha akavuta damu yake mwenyewe ikarudi ndani ya bomba, akampa mwenzake aliyekuwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na hana hela, naye akajidunga damu hiyo. Aliamini kwamba imebaki na unga wa kumtuliza. Mtu anaweza kusoma habari hii akaona wendawazimu. Mimi naona mtu anayemhurumia mwenzake anayetapika na kutetemeka, akampa kitu pekee alichobaki nacho. Kama mtoaji alikuwa na VVU, mpokeaji alipewa virusi moja kwa moja mshipani. Si ajabu kwamba katika tafiti za Dar wanawake wanaojidunga walikutwa na maambukizi mengi kuliko wanaume.

Damu hiyo ilibeba na mgeni wa pili ambaye hakuna aliyemuulizia. Virusi vya homa ya ini aina C vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo madaktari waliita ugonjwa huo "si A wala B". Ni vigumu zaidi kuviua kuliko VVU. Wanasayansi wa Yale walivikuta hai ndani ya sindano hata baada ya siku 63. Havihitaji hata sindano moja kwa watu wawili, kwani kijiko na pamba vikichangiwa vinatosha. Kisha hukaa kimya kwenye ini miaka ishirini au zaidi. Zanzibar, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta VVU kwa watu 16 kati ya kila 100 wanaojidunga, na ule wa 2012 ukakuta 11. Homa ya ini C ilikuwa kwa takriban mmoja kati ya wanne. Lakini UKIMWI ulikuwa na wafadhili, mabango na siku yake ya Desemba. C haikuwa na mtu.

Mambo yalianza kubadilika Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, ya kwanza ya aina yake ya serikali Tanzania. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, arosto inatulia, bomba halihitajiki. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Zanzibar mwaka 2015. Kenya ilipotangaza mwaka 2012 kwamba itagawa sindano safi, viongozi wa dini wa Mombasa walipinga. Sindano ziligawiwa hivyo hivyo, na baadaye methadoni ikafika hospitali ya Mathari, Nairobi, na Malindi.

C nayo imepata dawa. Sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Leo dawa za viwanda vya India na Misri ni nafuu sana kuliko hiyo, na kwa kawaida wiki 12 za vidonge humponya mtu kabisa. VVU bado havina dawa ya kuponya. Kwa hiyo wewe uliyewahi kuchangia bomba, hata kama ni mara moja na ulishaacha zamani, siku utakayokwenda kupima VVU waambie wakupime na homa ya ini C.