Tathmini za mafunzoni na mtihani wa udaktari bingwa

Nchini Marekani, kumaliza miaka ya mafunzo hospitalini hakutoshi kumpa daktari cheti cha ubingwa. Sharti pia afaulu mtihani wa bodi ya taaluma yake. Mafunzo ya magonjwa ya ndani huchukua miaka mitatu, na ya upasuaji wa jumla mitano. Anayeanguka mtihani huo huenda akanyimwa kazi, kwani hospitali nyingi hudai cheti hicho.

Je, alama za mafunzoni huashiria matokeo ya mtihani wa bodi?

Tathmini hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni mtihani wa kila mwaka wa kujipima, ulioanza mwaka wa 1975 kwa wanafunzi wa upasuaji na 1988 kwa wa magonjwa ya ndani. Ya pili ni maoni ya wakufunzi kuhusu nyanja sita: utunzaji wa mgonjwa, maarifa ya tiba, mawasiliano, maadili ya kazi, kujifunza kutokana na kazi na uelewa wa mfumo wa afya. Tangu mwaka wa 2013, taaluma kadhaa zilianza kupima nyanja hizo kwa viwango vya 1 hadi 5, mara mbili kwa mwaka.

Tafiti nyingi zimebaini kuwa mtihani wa kujipima ndio unaobashiri vyema zaidi. Hilo halishangazi, kwa kuwa yote miwili hupima maarifa kwa maswali ya kuchagua jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba maoni ya wakufunzi kuhusu maarifa ya tiba nayo yana uhusiano na alama za bodi.

Hata hivyo, kubashiri si kuhukumu. Daktari anaweza kumsikiliza mgonjwa kwa makini wodini na bado akaanguka kwenye karatasi. Mwingine akafaulu ilhali hana utu. Ndiyo maana chama cha madaktari kinachoandaa mtihani wa kujipima wa magonjwa ya ndani husisitiza kuwa haukusudiwi kuamua nani apandishwe daraja. Ukigeuzwa rungu, mwanafunzi ataficha udhaifu wake badala ya kuutibu.

Manufaa yake ni onyo la mapema: anayepata alama duni mwaka wa pili bado ana muda wa kusaidiwa, kabla ya mgonjwa kulipia pengo hilo.