Jinsi ya kuondoa masalia ya wadudu yaliyoganda kwenye rangi ya gari

YEYOTE aliyeendesha gari usiku katika barabara kuu ya Mombasa akielekea Machakos, baada ya mvua za kwanza za vuli, anafahamu sura ya gari hilo kunapopambazuka. Bampa, boneti na kioo cha mbele huwa vimetapakaa mabawa na utumbo wa kumbikumbi na nondo waliofuata mwangaza wa taa.

Wengi huuchukulia uchafu huo kuwa sawa na tope, wakaungoja hadi Jumamosi ya kuosha gari. Hapo ndipo hasara huanzia. Majimaji ya mdudu yana protini ambayo hukauka na kushika kama gundi, na yanapooza huwa na asidi. Jua la Ukambani likishaipasha boneti moto, asidi hiyo hula tabaka angavu linaloikinga rangi, tabaka ambalo ni jembamba kuliko karatasi. Alama inayobaki haitoki kwa sabuni yoyote. Ikumbukwe pia kuwa magari mengi nchini hununuliwa Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa, hivyo tabaka hilo huwa limekwisha kuchakaa.

Dawa ya kwanza ni maji na subira, wala si nguvu. Egesha gari kivulini, ungoje boneti ipoe. Chovya taulo kuukuu katika maji ya vuguvugu yenye shampuu ya gari, kisha ulilaze juu ya uchafu kwa dakika kumi hivi bila kuliacha likauke. Njia hii huwafaa hasa wakazi wa maeneo yenye uhaba wa maji, kwani ndoo moja hutosha. Uchafu ukilainika, upanguse polepole kwa kitambaa laini, ukikisuuza mara kwa mara. Usipotoka, rudia. Yaliyosalia yaondolewe kwa dawa maalumu ya wadudu inayouzwa katika maduka ya vifaa vya magari.

Waya wa kusugulia sufuria usikaribie gari kamwe. Mafuta ya taa na petroli, ambavyo baadhi ya waosha magari huvisifu, huharibu plastiki na mipira, mbali na hatari ya moto. Limau na siki navyo ni asidi. Kuvipaka ni kuuongezea mdudu nguvu.

Kioo cha mbele ndicho cha kushughulikiwa kabla ya vyote, maana hapo suala si urembo tena. Kumbikumbi wana mafuta mengi, na dereva anayewasha waipa kioo kikiwa kikavu huyatandaza mafuta hayo mbele ya macho yake. Taa za lori linalokuja zikigonga utando huo, haoni barabara wala anayeivuka. Ni heri kusimama mahali salama, mathalani katika kituo cha petroli, na kukiosha kwa maji ya sabuni yaliyobebwa katika chupa.

Aidha, chungulia rejeta. Wadudu wakiziba mapezi yake, injini huchemka, hasa mlimani. Injini ikiwa imepoa, mwagia maji ya kasi ndogo kutoka upande wa ndani yakielekea nje.

Gari likishatakata, lipakwe nta, na lirudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wadudu watakaofuata watashika nta badala ya rangi.